Kutengeneza bodi ya saketi kwa feriki kloraidi: kuanzia kuyeyusha chumvi hadi kuondoa maji yaliyochoka

Anayejifunza elektroniki hufika mahali ambapo nyaya za kuchomeka kwenye ubao wa majaribio hazitoshi tena. Saketi inafanya kazi, taa inawaka, spika inatoa sauti safi, lakini ukiigusa kidogo waya mmoja unachomoka na kazi nzima inakufa. Hapo ndipo unapohitaji bodi yako, yenye njia za shaba zilizochorwa kwa ajili ya saketi hiyo. Njia nafuu kwa karakana ndogo ni kuchukua bodi iliyofunikwa shaba upande mzima, kuzificha sehemu unazotaka zibaki, kisha kuitumbukiza katika maji ya feriki kloraidi ili yale shaba iliyo wazi.

Wengi hufundishwa kazi hii kwa kifupi: mimina, tumbukiza, subiri, suuza. Hawaambiwi chumvi hii ni kitu gani, inalaje shaba, wala maji yake yapelekwe wapi yakishachoka. Mimi naona hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na nitalipa nafasi yake. Lakini tuanze na chumvi, kwa sababu ukiielewa, kila hatua itakayofuata utaijua sababu yake.

Chumvi yenyewe

Feriki kloraidi, au kloridi ya chuma (III), huandikwa FeCl₃: chuma kilichopoteza elektroni tatu kikashikana na klorini. Unaweza kukutana nayo katika sura tatu.

Ya kwanza ni ile kavu kabisa, isiyo na maji ndani yake. Fuwele zake zinaonekana za kijani iliyokolea mwanga ukizipiga juu, na nyekundu ya zambarau mwanga ukipenya. Hii ina uchu mkubwa wa maji. Ikiachwa wazi huvuta unyevu wa hewani na kutoa mvuke wa asidi ya haidrokloriki, na ikitiwa majini hutoa joto kali, kiasi kwamba maji yanaweza kuchemka na kuruka. Ina kazi zake viwandani, lakini haifai kuwa mezani kwa anayeanza.

Ya pili imebeba molekuli sita za maji kwa kila moja yake, FeCl₃·6H₂O. Ni madonge ya njano inayoelekea kahawia, na ndiyo inayouzwa mara nyingi kwa mafundi wa bodi. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 37 tu. Aliyeiweka kopo lake kwenye rafu iliyo karibu na bati Dar es Salaam au Mombasa asishangae kukuta uji mzito badala ya madonge. Haijaharibika, ila inatakiwa chombo kisichovuja na mahali penye kivuli. Nayo pia huvuta unyevu, kwa hiyo mfuniko ukae umefungwa sawasawa.

Ya tatu ni maji yaliyokwisha kuyeyushwa kiwandani, kwa kawaida yenye chumvi karibu asilimia 40 kwa uzito. Lita moja ya maji hayo ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo dumu la lita tano ni zito kuliko macho yanavyokadiria. Libebe kwa mikono miwili.

Ninakushauri uchukue ya pili au ya tatu. Tanzania ina sheria ya mwaka 2003 ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na wanaouza kemikali wanatakiwa kusajiliwa. Nunua kwa aliyesajiliwa, na kataa chupa isiyo na lebo hata kama bei ni nusu.

Inavyokula shaba

Chuma kilichopoteza elektroni tatu kina nguvu ya kunyakua moja irudi kwake. Shaba ikiwa karibu, inanyang'anywa:

2FeCl₃ + Cu → 2FeCl₂ + CuCl₂

Yaani molekuli mbili za feriki zinakula atomu moja ya shaba. Feriki inageuka kuwa kloridi ya chuma (II), na shaba iliyokuwa kwenye bodi sasa iko ndani ya maji ikiwa kloridi ya shaba.

Watu wengi hudhani ni asidi inayofanya kazi hiyo. Maji ya feriki ni makali kweli, pH yake (kipimo cha ukali wa asidi) iko chini ya 2, kwa sababu ioni za chuma huvuta molekuli za maji kwa nguvu hadi zikaachia haidrojeni. Lakini asidi ya haidrokloriki peke yake, bila hewa wala kitu kingine cha kuisaidia, haili shaba. Anayekula ni chuma.

Kutokana na hapo unapata mambo matatu ya kukumbuka. Ulaji huu hautoi gesi, kwa hiyo ukiona mapovu mengi na joto linapanda, kuna metali nyingine imeingia humo. Pili, chumvi inatumika na kwisha, na unaweza kuhesabu itatosha bodi ngapi. Tatu, maji yaliyochoka yamebeba shaba, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki na viumbe vya majini hata ikiwa kidogo. Maji yale mapya yalikuwa makali kwa mikono yako. Haya ya zamani ni makali kwa mikono na kwa mto.

Inakotumika kwingine

Bodi za saketi ni sehemu ndogo ya matumizi yake. Kazi kubwa ya feriki kloraidi duniani ni kusafisha maji. Ukiitia katika maji yenye tope na yenye ualikali wa kawaida, chuma hugeuka haidroksidi, mavumbemavumbe ya kahawia yanayonasa chembe za udongo na kuzama nazo. Wanaotuliza maji ya kisima kwa shabu wanaijua kazi hiyo, kwani shabu hufanya vilevile kwa kutumia alumini. Katika mitambo ya majitaka hutumika pia kunasa fosfeti, ile mbolea inayorutubisha mwani na magugu maji, na kuzuia harufu ya yai bovu itokayo kwenye mifereji, kwa kuwa chuma hushikana na salfaidi.

Wachoraji wa chapa hutumia maji hayohayo kuchonga sahani za shaba. Mwaka 1997 Friedhard Kiekeben, akiwa Edinburgh, alionyesha kwamba ukiongeza asidi ya sitriki, ile ya ndimu, mashapo hayagandi tena kwenye mistari na uchongaji unakuwa safi zaidi. Wafua visu huitumia ikiwa nyepesi kuibua mawimbi kwenye chuma cha tabaka. Na maabara ya shule huitumia kutambua kemikali za jamii ya fenoli: matone machache yakageuka zambarau, jibu umelipata. Aspirini iliyozeeka na kuanza kuvunjika hutoa rangi hiyo pia, kwa sababu ndani yake imezaliwa asidi ya salisiliki.

Sasa turudi mezani.

Hatua ya 1: Andaa mahali na vyombo

Fanya kazi nje au karibu na dirisha lililo wazi, mbali na jiko, watoto na mifugo. Tandaza magazeti au plastiki, kwani tone moja la maji haya huacha doa la kutu ambalo halitoki kwenye saruji, nguo wala vigae. Vaa miwani ya kinga, glavu za mpira na nguo usiyoijali.

Unahitaji beseni dogo la plastiki lenye kina kifupi, beseni kubwa zaidi la kuwekea maji ya moto, kijiko cha plastiki au cha mti, kibanio cha plastiki, dumu nene la kuhifadhia, ndoo ya maji ya kusuuzia, na kilo ya magadi au soda ya kuokea iwe karibu kabla hujafungua kopo.

Hapa kuna jambo la kusisitiza. Usitumie sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na feriki kloraidi hushambuliana na alumini kwa kishindo: joto linapanda haraka, gesi ya haidrojeni inatoka, maji yanachemka na kuruka. Sinki la chuma kisichoshika kutu nalo litaliwa na kubaki na vishimo. Kijiko cha chuma, bisibisi, mfuniko wa bati, vyote viweke mbali. Plastiki na kioo ndivyo salama, na plastiki ni bora kwa sababu haivunjiki.

Jambo la pili: vyombo vilivyotumika humu havirudi jikoni tena. Na kamwe usihifadhi maji ya feriki katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Rangi yake ni ya chai ya rangi, na mtu mwenye kiu hasomi mawazo yako. Tumia dumu lisilofanana na chombo cha kinywaji, andika juu yake kwa herufi kubwa SUMU – FERIKI KLORAIDI pamoja na tarehe, kisha lifungie kabatini.

Hatua ya 2: Yeyusha

Kwa karakana ndogo, gramu 250 za madonge katika nusu lita ya maji zinatosha kwa muda mrefu. Mimina maji kwanza, ya vuguvugu, kisha tia madonge kidogo kidogo ukikoroga. Usigeuze utaratibu huu ukamwagia maji juu ya chumvi. Mchanganyiko utapata joto kiasi. Ngoja utulie kabla ya kuongeza. Usiinamie beseni kunusa.

Ukiishia na maji yanayopitisha mwanga, ya rangi ya kahawia nyekundu, umefanikiwa. Yakiwa na ukungu na mashapo ya njano chini, chuma kimeanza kugeuka haidroksidi kwa sababu maji ni mengi mno au asidi imepungua. Chuja kwa kitambaa cha pamba juu ya faneli ya plastiki, uendelee.

Kama una maji ya kiwandani ya asilimia 40, unaweza kuyapunguza makali kwa maji kiasi cha nusu yake hadi sawa na yenyewe. Wapo wanaodhani makali zaidi ni kasi zaidi. Maji mazito sana hutembea polepole, na feriki mpya inachelewa kuifikia shaba.

Je, yatatosha bodi ngapi? Bodi ya kawaida ina shaba yenye unene wa mikromita 35. Bodi ya sentimita 10 kwa 10 inabeba basi shaba ya gramu 3.1 hivi. Gramu 250 za madonge, kwa hesabu ya mlinganyo ule wa juu, zinaweza kula shaba ya gramu 29, yaani bodi tisa kama hizo zikiliwa zote. Kwa vitendo kasi hupungua mapema kuliko hapo, lakini pia huli shaba yote. Na hapo ndipo penye siri ya kuokoa maji: ukichora bodi yako, acha maeneo mapana ya shaba yabaki na uyaunganishe na ardhi ya saketi. Saketi inatulia zaidi, na feriki inadumu.

Hatua ya 3: Safisha bodi na uhamishe mchoro

Kata bodi kwa kipimo, kisha sugua shaba kwa msasa laini sana au stilwaya ya jikoni mpaka ing'ae rangi ya waridi kote. Osha kwa sabuni, suuza, futa kwa asetoni au spiriti. Ukishaifuta, ishike kwenye kingo tu. Alama ya kidole ina mafuta, na mafuta huzuia feriki palepale ambapo ulitaka ile.

Kwa saketi fupi, chora kwa mkono kwa maka peni isiyofutika, mistari minene, mara mbili, ukiacha wino ukauke katikati. Kwa saketi yenye njia nyingi, tumia printa ya leza. Wino wake ni unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto, nao ndio utakaoikinga shaba. Printa ya wino wa maji haifai hapa. Chapisha kwenye karatasi inayoteleza, kama ya jarida, kwa weusi wa juu kabisa. Mchoro uwe umegeuzwa kama kwenye kioo: weka maneno machache upande wa shaba, na kwenye karatasi yasomeke kinyume, ili yakishahamia kwenye shaba yasomeke sawa.

Pasha pasi hadi joto la pamba, bila mvuke. Laza bodi juu ya ubao, shaba juu, karatasi ikitazama chini, kandamiza kwa dakika tatu hadi tano, ukipitisha ncha ya pasi kila pembe. Iache ipoe kidogo, kisha iloweke kwenye maji ya vuguvugu hadi karatasi ilainike, uisugue kwa kidole gumba ikatoka vipande vipande. Usiibandue kwa pupa. Kagua kwa makini dhidi ya mwanga na ujazie kwa maka peni kila palipokatika. Kila dakika unayotumia kwenye ukaguzi huu ni nafuu, maana shaba iliyokwisha kuliwa hairudi.

Njia zako zisiwe nyembamba kuliko nusu milimita kwa kuanzia. Feriki inakula kwenda chini na pia kwenda pembeni, chini ya wino, na njia nyembamba inaweza kukatika kabla pengine hapajamaliza.

Hatua ya 4: Tumbukiza

Mimina maji ya feriki kwenye beseni dogo, kina cha sentimita mbili au zaidi kidogo. Liweke beseni hilo ndani ya beseni kubwa lenye maji ya moto. Joto linalofaa ni nyuzi 40 hadi 50. Usipashe moto juu ya jiko, usitumie maikrowevu, na usilazimishe zaidi ya hapo: mvuke wa asidi unaongezeka na wino unaweza kuachia.

Weka bodi, shaba ikitazama chini ikiwa unaweza kuifanya ielee au kuiegemeza, kwa sababu mashapo yatadondoka na kuacha shaba mpya wazi. Ukiiweka ikitazama juu, italazimu kutikisa beseni taratibu muda wote, huku na huku, bila kurusha matone. Bodi iliyolala kwenye maji yaliyotuama huliwa vibaya, pembeni haraka na katikati polepole.

Sekunde chache tu baada ya kuitia, ichomoe uiangalie. Shaba iliyo wazi inatakiwa kuwa imefifia yote. Ukiona kiraka bado kinang'aa, pana mafuta au gundi ya karatasi. Suuza, safisha kiraka hicho, rudisha.

Kwa maji mapya yenye joto, tarajia dakika 10 hadi 20. Kwa maji ya baridi au yaliyotumika, nusu saa na zaidi. Utaona kwanza kingo za bodi zikibaki rangi ya fibaglasi, kisha maeneo mapana, na mwisho vile vipenyo vyembamba kati ya njia mbili. Ichomoe kila baada ya dakika chache kuelekea mwisho, uishike dhidi ya mwanga. Mwanga ukipita kila mahali ambapo hapana wino, acha hapo hapo. Kuiongezea muda kwa ajili ya usalama ndiko kunakokondesha njia.

Hatua ya 5: Suuza na kamilisha

Iache bodi idondoshe matone yake ndani ya beseni, kisha isuuze kwenye ndoo yenye maji na kijiko cha magadi. Maji ya ndoo hiyo nayo yana shaba, kwa hiyo yahifadhi pamoja na taka za hatua ya mwisho. Baada ya hapo unaweza kuiosha kwa sabuni.

Futa wino kwa asetoni. Pima kwa mita kama kila njia inapitisha umeme mwanzo hadi mwisho, na kama njia jirani hazigusani. Kiuzi cha shaba kilichosalia kati ya njia mbili kikate kwa wembe. Toboa matundu kwa keekee ndogo, milimita 0.8 kwa rezista na transista nyingi, milimita 1 kwa miguu minene. Vaa barakoa, kwani vumbi la fibaglasi halifai mapafuni. Ukimaliza, paka rosini (utomvu mkavu wa msonobari) iliyoyeyushwa kwenye spiriti: inazuia shaba isififie na inarahisisha kulehemu.

Tone la maji ya feriki likimwagika au kumgusa mtu

Likiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi, kisha hospitali mara moja, hata kama maumivu yametulia. Likigusa ngozi, osha kwa maji mengi na sabuni. Likimezwa, usimlazimishe mtu atapike. Suuza kinywa chake na umkimbize hospitali pamoja na lebo ya kopo.

Likimwagika sakafuni, nyunyizia magadi hadi povu liishe, kisha zoa kwa matambara. Doa la nguo likiwa bichi hupungua kwa ndimu au asidi ya sitriki. Usilitie blichi. Blichi hulikaza doa la kutu, na ikikutana na asidi iliyomo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Hatua ya 6: Maji yaliyochoka

Maji yanaweza kurudi dumuni na kutumika tena mara kadhaa. Yanapoanza kuwa ya kijani iliyokolea na bodi ikachukua zaidi ya saa hata kwenye joto, yamekwisha. Hapa ndipo wengi huyamimina chooni, mtaroni au nyuma ya nyumba, nami nawasihi wasifanye hivyo. Shaba haiozi wala haiishi. Itakwenda kwenye kisima, kwenye bustani ya mchicha au baharini, na itabaki huko. Maji haya pia yanakula mabomba ya chuma.

Utaratibu ni huu. Chukua ndoo kubwa ya plastiki, yenye ujazo mara tano au sita wa maji uliyo nayo, kwa sababu povu litapanda. Mimina maji yaliyochoka ndani, ukibakiza nusu kikombe pembeni, na yaongezee maji ya kawaida kiasi sawa. Kisha tia magadi au soda ya kuokea kijiko kimoja kimoja, ukikoroga kwa mti, na usiongeze kingine hadi povu la kwanza litulie. Povu ni kaboni dioksidi, kwa hiyo uwe nje penye hewa.

Kiasi cha soda ya kuokea kinachohitajika kinakaribiana na uzito wa madonge uliyoanza nayo: kwa gramu 250, andaa kama gramu 235, na ziada kidogo pembeni. Magadi ya mawe, kama yale ya Ziwa Magadi kule Kenya, yanafaa vilevile na ni nafuu, lakini yamechanganyika na chumvi nyingine na tope, basi usiyategemee kwa mizani pekee. Yasage, yayeyushe kwanza, na uamue kwa karatasi ya pH. Lenga kati ya 7 na 8. Utaona uji mzito ukigandamana, wa kijani na kahawia. Hiyo ni shaba na chuma vikitoka majini na kuwa mashapo.

Funika ndoo, iache usiku kucha. Asubuhi maji ya juu yatakuwa yametengana na mashapo. Yachote kidogo kwenye glasi isiyo na matumizi mengine, uyatazame dhidi ya karatasi nyeupe. Yakiwa na rangi ya buluu, shaba bado imo; mara nyingi ni kwa sababu magadi yamezidi na yameishika shaba isizame. Ongeza maji ya feriki machache uliyoyabakiza, hadi pH irudi karibu na 7, usubiri tena. Ndiyo sababu maji ya feriki hayatiwi yote kwa mkupuo. Ile nusu kikombe itunze hadi uwe na uhakika.

Maji yakiwa hayana rangi, chuja yote kwa kitambaa kizito. Hata hapo yanaweza kuwa na mabaki ya shaba ambayo jicho halioni, na yana chumvi nyingi inayounguza mimea. Yasiende kwenye bustani, kisimani wala mtoni. Yatie kwenye dumu lake na uyakabidhi pamoja na mashapo.

Mashapo ndiyo yenye karibu shaba yote. Yaanike juani kwenye trei ya plastiki mahali ambapo mvua na kuku hawafiki, hadi yawe makavu. Yafunge kwenye mifuko miwili, andika MASHAPO YA SHABA NA CHUMA, na uyakusanye kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwa kuwa ni kidogo, mwaka mzima wa bodi za karakana moja unaweza kuingia kwenye ndoo moja. Yakishafika kiasi, yakabidhiwe kwa mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi. Vibali hivyo husimamiwa na vyombo vya serikali vya mazingira: Tanzania ni NEMC, Kenya ni NEMA. Mafundi wa mtaa mmoja wakikusanya pamoja, gharama ya kuyasafirisha inagawanyika. Chuo cha ufundi au chuo kikuu kilicho karibu nawe kikiwa na maabara ya kemia, waulize kama wanaweza kuyapokea pamoja na taka zao wenyewe. Nenda na lebo na maelezo ya yaliyomo, wala usiache mfuko getini bila kukabidhi kwa mtu.